Jicho la Jikoni

Siku hizi mshahara hupangwa na jicho la kamera lililofungwa ukutani jikoni kwa kila mfanyakazi. Masalu alipoomba aongezwe, bosi wake, Bi Tunu, alimgeuzia kioo cha kompyuta.

"Baba Kulwa, kwako mnakula na kusaza. Jana mkeo alirudisha chakula chake sufuriani."

"Aliwawekea watoto cha asubuhi, bosi. Yeye hakula."

"Jicho halijui hayo. Limeona kimebaki, limekupunguzia. Hata mimi siwezi kulibishia."

Jioni mkewe alipakua ugali, akausogeza wote kwa watoto.

"Na wewe kula, Mama Kulwa," Masalu alimsihi. "Lisione hujala, likadhani umeshiba."

Mkewe akawatazama watoto, kisha jicho pale ukutani. Akapeleka mkono mtupu mdomoni, akaanza kutafuna.