Mpaka Niseme Kata

Bi Mwanasiti aliitwa na watengeneza filamu awaonyeshe alivyomvisha sanda mumewe, Haruni, siku alipouawa. Alifika wakati wanarekodi mauaji yenyewe. Haruni wao wa kuigiza alipiga magoti, akalamba viatu vya majambazi, kisha akamwagiwa ndoo nzima ya rangi nyekundu.

"Mume wangu hakupiga magoti," alisema. "Alipigwa kwa nyuma, anafunga duka aende kuswali."

"Mama, nani atalipa kiingilio atazame mtu anafunga duka?" alijibu Zubeiri, mwongozaji wa filamu. Wenzake wakacheka.

Ilipofika sehemu ya sanda, Bi Mwanasiti alisema, "Lala wewe, baba. Wewe ndiye mkubwa wao."

Zubeiri akalala, bado anacheka. "Kamera isizimwe mpaka niseme kata!"

Bi Mwanasiti akapiga bismillahi. Akamfunga kidevu kwa kitambaa, kama afungwavyo maiti mdomo usibaki wazi, akakaza. Akamviringisha sanda, mikono ikiwa ndani, akaifunga kichwani, kiunoni na miguuni.

"Mafundo haya hufunguliwa wapi, mama?" aliuliza mpiga kamera.

"Kaburini."

Akavuta kigoda, akaigeukia kamera, akaanza kusimulia habari za Haruni polepole, tangu alipoamka alfajiri ile. Nyuma yake Zubeiri aligumia na kujipinda.

"Bosi anajua kuigiza!" mmoja alinong'ona.

Bi Mwanasiti hakugeuka. Alikuwa hajafika hata kwenye chai ya asubuhi, na sanda ilikuwa ikipanda na kushuka puani.