Moyo wa Winga

"Nani kamchekesha Mabruki?" Mzee Kitwana, katibu wa timu ya mtaa, alifoka mlangoni kwa Bi Tatu.

"Mimi! Nimemwambia kuwa jogoo wangu ana maringo kama wewe katibu. Kosa?"

"Kosa kubwa! Wenzake kumi mazoezini wamechomoka mbio wote, beki katumbukia mtaroni!"

Mabruki alisimama kando na ndoo yake, akisemwa kana kwamba hayupo. Siku hizi kila timu ilikimbia kwa mapigo ya moyo wa winga wake. Winga wa timu hii alikuwa Mabruki, na kifaa kilichoshonwa kifuani mwake hakikuzimwa hata usingizini. Moyo ukishtuka, miguu ya wenzake inafuata. Miezi minane timu ilikuwa haijafungwa. Miezi minane hiyo hiyo Mabruki alikula peke yake, maana hata salamu alinyimwa.

"Leo anakula kwangu," Bi Tatu alisema. "Mtoto wa watu anakauka."

"Kesho fainali, Bi Tatu! Akisisimka tumekwisha."

"Hatasisimka. Niachie mimi."

Jioni Mabruki alivaa shati lililopigwa pasi. Tangu kwenye kona alisikia nyumba imefurika: vicheko, umbea, watu wakigombea ukoko. Akapunguza hatua, akavuta pumzi hadi moyo ukatulia, ndipo akabisha hodi.

Kelele zikakatika ghafla. Bi Tatu akafungua mlango taratibu. Nyuma yake watu kama ishirini walikuwa wameinamia sinia za pilau, midomo imefumbwa, hakuna aliyemtazama.

"Karibu ndani ule, mwanangu," alinong'ona.