Utepe Mwekundu

Tumbo la Ignas, mvuvi wa Kagunga, lilikuwa wazi mbele yangu. Uvimbe ulijificha ndani kabisa ya ini, vidole vyangu havikuupata. Nikaagiza ile mashine mpya ya ultrasaundi, inayowekwa juu ya ini lenyewe ikaonyesha pa kukata.

Nesi aliisukuma hadi mlangoni. Katibu wa hospitali akamzuia. Mashine ilikuwa bado imefungwa utepe mwekundu.

“Dokta, haijazinduliwa. Mgeni rasmi anakuja Ijumaa.”

“Nimwache mzee wa watu hivi, tumbo wazi, mpaka Ijumaa?”

“Ni itifaki, Dokta.”

Nilichukua mkasi kwenye trei, nikaenda mlangoni, nikaukata utepe.

“Imezinduliwa,” nikamwambia. “Piga makofi, halafu niletee glovu nyingine.”