Nguchiro na Dalali Wake Kasuku

Alikuwako Nguchiro mmoja, majigambo yake marefu kuliko mkia. Aliuza shimo lake la kulala akanunua hisa za Buibui, mwenye kampuni ya mtandao, na siku hiyo hisa hizo zilikuwa zinapaa. Dalali wake alikuwa Kasuku, ambaye ukimnong'oneza jambo lazima alitangaze. Nguchiro alimchagua kwa sababu hiyohiyo.

"Ninunulie tena," alimnong'oneza asubuhi.

"Nguchiro ananunua tena!" Kasuku akapaza sauti. Soko zima likajazana kununua, bei ikaruka.

"Hupumziki, bwana?" Ngiri akamuuliza.

"Wapumzike maskini. Jioni nitakuwa na mashimo matatu, wewe nitakupangisha moja."

Mchana Nguchiro akaona faida imetosha. Akasogea sikioni kwa Kasuku. "Uza zote. Taratibu, wasijue."

"Uza zote!" Kasuku akapaza sauti. "Taratibu, wasijue!"

Wote wakauza kabla yake, na hisa zake zikabaki makaratasi.

Jioni akabisha hodi kwa Ngiri.

"Karibu, baba mwenye nyumba. Umeniletea funguo?"

"Naomba pa kulala," Nguchiro akanong'ona, "ila usimwambie mtu."

Juu ya mti, Kasuku akasafisha koo.