Chai Yenye Harufu

Fundi seremala alinusa kikombe cha chai cha mgonjwa, akanusa tena.

"Shemeji, humu umetia nini?"

"Majani na sukari, basi," mke wa mgonjwa alijibu kutoka jikoni.

Mgonjwa mwenyewe, pale kitini, ghafla alikuwa amevutiwa mno na dari.

Kiharusi kilimpiga wiki sita zilizopita, kikamlegeza upande mzima wa kushoto na kuyafanya maneno yamtoke kama yanavutwa kwa kamba. Kazini kwake hawakuchoka kupiga simu: atarudi lini? Seremala naye alifika kila asubuhi kumfanyisha mazoezi. Hakuna aliyemwita.

Leo alianza kwa kupekua. Chini ya mto, hamna. Nyuma ya redio, hamna. Ndani ya buti la mvua, chupa, imebaki nusu.

Mke alitokea mlangoni, akaiona. Uso ukamshuka.

"Nakulisha kwa kijiko, nakuvalisha soksi, halafu unanificha?"

"Tone... tu," mgonjwa alisema. "La... usingizi."

"Saa tatu hii ya asubuhi?"

Seremala akaimwaga yote kwenye sinki, akarudi na kuweka makopo mawili mezani.

"Haya, misumari kumi. Toa huku, tia kule. Kwa mkono wa kushoto."

"Mimi... si... mtoto."

"Ungekuwa mtoto ningekuchapa, tungekuwa tumemaliza."

Msumari wa kwanza ukaanguka. Wa pili ukaufuata. Wa tatu ulitetemeka njia nzima, ukalia ndani ya kopo, na mke akajikuta anapiga makofi pamoja na hasira zake. Mgonjwa alitabasamu, nusu ya uso ilikubali, nusu ikagoma.

Seremala alivuta kiti karibu.

"Sasa nisikilize. Ubongo wako una jeraha. Pombe inapandisha presha, inakuchelewesha kupona, na kiharusi cha pili hakipigi hodi. Unataka kumwacha huyu mama mjane kwa sababu ya tone?"

Mshipa ulimsimama mgonjwa shingoni. Hakuzoea kufokewa.

"Nani... kakwambia... hayo?"

"Wewe, daktari," seremala alisema. "Siku uliyoniruhusu kutoka wodini, mdomo wangu ukiwa umepinda kuliko wako."