Pilau ya Darasa la Bondeni

Je, mchele ungeiva kabla watu hawajaja kumtoa jikoni? Swafia alisimama mbele ya sufuria kubwa ya pilau, uani kwa Ushirika wa Chakula wa Bondeni, akiwa ametega sikio. Juu ya kifuniko makaa yalikuwa mekundu; chini, kuni zilikuwa zimekwisha kuvutwa nje.

"Sogea, moshi huo!" alisema Mbeyu, akimpokonya kijinga cha moto. "Kuni niachie mimi. Mikono yako leo si ya kazi hii."

"Kwani mikono yangu ina nini?"

"Wajua mwenyewe."

Wanafunzi wao, wake kwa waume, walicheka kwa woga huku wakikatakata vitunguu. Kwa muda mrefu Swafia alikuwa akiwafundisha mapishi katika ua ule, na kila Jumamosi Mbeyu aliwatembeza ukingoni mwa mikoko ya Tudor, akiwaonyesha majani yaliwayo ambayo wengi wao walikuwa wakiyakanyaga tangu utotoni. Asubuhi hiyo walikuwa wamerudi na vikapu vya mchunga. Swafia hakwenda nao. Wiki nzima shangazi yake, Bi Mwanabaraka, alikuwa amemzuia asivuke kizingiti cha nyumba, akitumaini kwamba wazimu wa pilau ungemtoka.

Haukumtoka.

Mzee Jamaldin alikaa kwenye kiti chake cha ukindu, fimbo kati ya magoti, akitazama. Yeye ndiye aliyepikia harusi za mtaa ule tangu ujana wake, na ndiye aliyekuwa na sauti kubwa katika kamati ya ushirika. Darasa lile aliliita mchezo wa vijungu. Ua, alisema, ungefaa zaidi kuwa ghala la mchele. Ndipo alipowawekea sharti: walishe harusi moja bila kuaibika, darasa libaki; wakishindwa, mafiga yang'olewe. Hakuna familia iliyothubutu kuwapa karamu yake, isipokuwa ya Mzee Badawi, naye alikubali baada ya kubembelezwa hadi akachoka.

"Tia mwiko, mwanangu," alisema Mzee Jamaldin. "Chini kunashika."

"Nikitia mwiko sasa, mzee wangu, wageni watakula bokoboko."

"Na usipotia watakula ukoko." Akakitupia jicho kikapu cha majani. "Tena na hayo majani ya mbuzi pembeni. Tangu nianze kupikia harusi katika mji huu, sijaona kioja kama hiki."

"Mchunga huu utapikwa kwa tui," Mbeyu alimjibu, akiyakamua majani katika maji ya chumvi. "Mbuzi wako wapikiwa kwa tui, mzee?"

Kicheko kilikuwa hakijatulia bado Bi Mwanabaraka alipoingia, buibui likipepea, pumzi zikimpaa.

"Swafia! Nimekutafuta vyumba vyote! Hebu jitazame. Moshi umekuingia hadi kwenye nywele. Kazi yetu yote ya jana imekwenda bure."

"Nisamehe, shangazi. Nitaoga."

"Utaoga saa ngapi? Watu wamekwisha kufika! Wanaume wanakutafuta, na mimi niwaambie nini? Kwamba uko mafigani?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Utatutia aibu!"

"Aibu ni hawa kung'olewa mafiga yao ilhali wanajua kupika," alisema Swafia. Hakuinua sauti, ila hakusogea hata hatua moja. "Nilitoa neno, shangazi. Nikiondoka sasa na mchele ukaharibika, watasema tuliwaachia wanafunzi sufuria."

Bi Mwanabaraka alishika kichwa, akageuka, akarudi mbio alikotoka.

Swafia aliinama akanusa mvuke uliopenya ukingoni mwa kifuniko. Harufu ya iliki na mdalasini ilikuwa imetulia. Haikuwa na ukali wa kitu kinachoungua. "Funueni," alisema.

Mbeyu na mwenzake walikiondoa kifuniko na makaa yake. Mvuke ulipanda. Punje zilikuwa zimesimama moja moja, ndefu, zenye rangi ya udongo mkavu, na nyama ilikuwa ikiachana na mfupa. Mzee Jamaldin aliinuka polepole, akachukua punje mbili, akazibinya kati ya vidole, akaziweka ulimini. Honi za malori ya Shimanzi zililia kwa mbali.

"Umeiva," alisema hatimaye, kwa shingo upande. "Lakini msishangilie. Kupika ni nusu. Kupakua ndiko kunakofedhehesha: mkiwajazia wa mwanzo, wa mwisho watalamba sinia. Asiyejua kipimo asishike upawa."

Wanafunzi wote walimgeukia Swafia. Kipimo cha sufuria ile alikijua yeye peke yake.

Akauchukua upawa.

Ndipo wanaume watatu wenye kanzu walipoingia uani, Mzee Badawi mbele, Bi Mwanabaraka nyuma yao akijipepea kwa kiganja. Mbeyu alikuja kusimama begani kwa Swafia. Wengine nao wakasogea, visu vya vitunguu bado mikononi. Swafia alijiweka kati ya wanaume wale na sufuria.

Mzee Badawi aliitazama sufuria. Aliwatazama wale wanafunzi. Akakohoa kidogo, akawaashiria wenzake wawili wakaribie wasikie vyema.

"Swafia binti Badawi," alisema, "wanipa idhini nikuoze kwa Khubaib?"

"Nimekupa idhini, Baba. Na Khubaib mwambieni angoje: sitoki hapa mpaka sinia la mwisho limepakuliwa."