Maua ya Maboga Madhabahuni

Jumapili hiyo zamu ya kupamba madhabahu ilikuwa ya Eufrasia, naye alileta maua ya maboga kutoka shambani kwake, ndani ya kopo la maziwa.

“Hii ni mboga, mama,” alisema mwenyekiti wa akina mama, akilisukuma kopo kando ili aweke mawaridi yake ya plastiki. “Yatachafua kitambaa cheupe.”

“Aliyeyaumba yumo humu humu. Muulize kama anayaonea haya.”

“Yatoe nje!”

Eufrasia hakutoka. Aliketi kwenye benchi la mbele akalipakata kopo juu ya sare yake nyeupe, akaimba kuwashinda wote. Wakati wa komunyo alitangulia kwenye foleni. Unga wa njano wa maua ulikuwa umemtapakaa kifuani hadi magotini, naye hakuupangusa.